Mshale Wenye Pete Tatu

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye duka la Mhindi hapa mtaani kwetu Kambarage nikinunua sabuni, akaingia mtu mzima mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope. Aliomba bafta nyeupe. Mwenye duka, ambaye ameuza bafta ya namna hiyo kwa miaka mingi, hakuuliza ni ya nini. Alipunguza tu sauti ya redio. Yule mtu alipogeuka akanitambua. "Shikamoo, Katibu," akasema. "Mjomba amefariki. Tumemtoa Geita jana, tunamzika kesho nyumbani." Nikaitikia marahaba, nikalipia sabuni, nikaondoka nikaiacha mezani.

Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikilalamikia barabara, pamba na vijana wasiosalimia. Leo sina wa kumlalamikia isipokuwa mwandishi. Marehemu alikuwa fundi wa pinde na mishale katika kijiji kimoja upande wa Ushetu, ambako nilikuwa katibu wa kijiji kwa sababu mbili: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu ulisomeka. Hakuwa rafiki yangu hasa. Alikuwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa njiani, na njia yangu ilinipitisha kwake kila siku. Asubuhi alikuwa anaingia porini kutafuta mti wa mkole, anapinda tawi moja moja kwa dole gumba, anarudi mikono mitupu na kusema safari ilikuwa nzuri. Tawi lililomridhisha lilikaa juu ya moshi wa jiko miezi mingi kabla halijawa upinde. Mkewe alikuwa akisema nyumba yao ina pinde nyingi kuliko miiko. Vyembe vya mishale alivifua kwa misumari mikubwa, manyoya yalikuwa ya kanga, na chini ya manyoya aliunguza pete tatu kwa chuma cha moto. Hiyo ilikuwa alama yake. Kila mwanamume kijijini alikuwa na ya kwake, ili wawindaji wasigombanie nani amempiga mnyama. Kwa sababu hiyo kulikuwa na sheria ya kuazima, nayo ilikuwa fupi: ukiazima mshale wa mtu ukaupoteza, unamwambia kabla jua halijazama, yeye anautangaza, basi.

Mimi sikuwa na mshale wa kuweka alama. Lakini miaka ile wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na ilikuwa amri kwamba yowe likipigwa, kila mwanamume atoke na upinde. Kwa hiyo fundi alinichukua jioni moja nyuma ya nyumba yake anifundishe. Shabaha ilikuwa kichuguu kinachonizidi kimo. Nikapiga boga la jirani, lililokuwa limeanikwa juu ya paa la banda lake, upande wa kushoto. Nikapiga tena, nikalipata boga la pili.

"Wewe Katibu!" jirani akapaza sauti kutoka uani kwake. "Maboga yangu yamekukosea nini? Yaandikie barua kwanza!"

Fundi hakucheka. Alinitazama nikipiga mara ya tatu. "Mkono wako unapanda juu halafu unakwenda kushoto," akasema. "Tena hubahatishi. Kila mara ni palepale."

Nikamuuliza kama hilo linatibika.

"Ungeanza ukiwa mdogo. Sasa lenga chini kulia, umwombe Mungu."

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mvua za kwanza zikingojewa, yowe likapigwa asubuhi. Ng'ombe wa watu walikuwa wamechukuliwa. Nikakimbilia kwa fundi, akaniazima upinde na mishale minne, kisha akanipita kama upepo, maana yeye alikuwa anakimbia kweli. Mimi nilibaki nyuma porini, peke yangu, nikihema. Nyuma ya kichaka nikaona kitu cha kahawia kikijongea. Nilidhani ni mwizi ameinama. Nikasahau mafundisho yote, nikavuta, nikaachia. Nikasikia mkoromo mfupi na matawi yakivunjika. Sikwenda kutazama. Nilijiambia nimekosa, jambo ambalo kwa rekodi yangu lilikuwa rahisi kuliamini. Nilirudi kijijini kabla ya wengine, nikautundika upinde mlangoni kwa fundi pamoja na mishale mitatu, nikaenda ofisini kupanga mafaili. Jua likazama nikiwa nayapanga.

Siku ya tatu yule jirani mwenye maboga akamkuta maksai wake porini na mshale kwenye nundu. Alikuwa maksai wa plau. Kidonda kilioza, na baada ya wiki akafa, wakati wenzake wanaanza kulima. Mkutano wa kijiji ukaitwa, mshale ukapitishwa mkono hadi mkono. Pete tatu zilionekana hata kwa wenye mtoto wa jicho.

"Mshale huu wa nani?" kamanda wa walinzi wetu wa jadi akauliza.

"Wangu," fundi akasema.

"Nani aliupiga?"

Fundi akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba mimi, mwenye daftari la mihtasari magotini, nilipata nafasi ya kuchonga penseli. Hakunitazama hata mara moja. "Mshale ni wangu," akarudia. Nikaandika: Mtuhumiwa amekiri. Akaamriwa atoe maksai wake mmoja, na atengwe hadi mavuno: asipewe moto, asipewe maji, asisalimiwe. Hayo nayo niliyaandika kwa mwandiko uleule mzuri. Nilijua kwamba nikisema, watu wangecheka kwanza, kisha wangeacha kucheka na kuuliza katibu wao alikuwa anakusudia kumpiga nani. Kabla ya mavuno fundi na mkewe walikuwa wamehamia machimbo ya Geita. Mavuno yalipofika, kutengwa kwake hakukufutwa mkutanoni, kwa sababu wa kufutiwa hakuwepo, na wa kukumbusha nilikuwa mimi.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshaanza kuandikia gazeti, nilitumwa kutazama maisha ya machimboni. Nilimkuta kando ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, akichonga mipini ya sururu. Pinde kule hazina kazi. Kilichowindwa kilikuwa chini ya ardhi.

"Mwadila, Katibu," akanisalimu kwa salamu yetu ya mchana, kama vile tulionana jana.

"Ule mshale nilipiga mimi," nikasema, kabla sijakaa.

"Najua. Mimi sijawahi kupiga nundu." Akaendelea kuchonga. "Ulilenga nini?"

"Nilidhani ni mwizi ameinama."

Panga likasimama. "Basi maksai wa watu amekuokoa. Kukosa kwako nako ni kwa Mungu."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliyeazima ndiye anayesema. Ningesema mimi, wangesema namsingizia mwenye daftari. Nilikungoja jua lizame, likazama. Nikakungoja mkutanoni, wewe ukachonga penseli." Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. "Nenda ukaseme kulekule. Mama watoto anataka kurudi nyumbani, lakini harudi mahali ambapo watu hawamwitikii."

Niliahidi. Mwaka wa kwanza barabara ilikuwa mbaya. Mwaka wa pili ilitengenezwa, nikaumwa mgongo. Mwaka wa tatu mkewe akafa, akazikwa hukohuko Geita, kati ya watu waliotoka kila mahali na ambao, nasikia, walimsalimia vizuri sana. Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu. Aibu ilitosha.

Nimewahi kujitetea moyoni kwamba kijiji kizima kilikosea pamoja nami, na kwa kiasi fulani ni kweli. Kila mwanamume pale alijua kwamba fundi akimpiga mnyama, anampiga nyuma ya bega, na mnyama haendi mbali. Hakuna aliyeuliza imekuwaje leo apige nundu kama mgeni. Waliona pete tatu wakaacha kufikiri. Kisha waliona maandishi, wakaacha hata kukumbuka. Sasa kila kitu kinaandikwa, na sisi tulioshika kalamu tunaheshimiwa kuliko tunavyostahili. Lakini kijiji hakikujua nilichokijua mimi, kwa hiyo utetezi wangu unaishia hapo.

Mazishini walinzi walikuja na pinde zao kumpa heshima, maana nyingi alizitengeneza yeye. Tulipokwisha kumfukia, jirani mwenye maksai, ambaye sasa ni mzee kama mimi, akasema karibu na sikio langu, "Fundi hodari. Ila alimpiga maksai wangu."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi." Nikarudia kwa sauti, ili wote wasikie.

Mtu akacheka, na wengine wakafuata. "Katibu, acha kumpamba marehemu," jirani akasema. "Wewe? Wewe huwezi kupiga hata nyumba ukiwa ndani yake!"

"Nipeni upinde."

Mlinzi mmoja akaniazima wake na mshale mmoja. Kile kichuguu bado kipo nyuma ya nyumba, kimeongezeka. Nililenga katikati yake kwa uaminifu wote nilionao. Nikavuta, nikaachia. Mshale ukapanda, ukaenda kushoto, ukakita juu kabisa ya nguzo ya zizi. Aliyekuwa anacheka akaacha.

Jirani akautazama mshale ule kwa muda. Akainua kiganja chake polepole, akakiweka nyuma ya shingo yake mwenyewe, pale ambapo ng'ombe ana nundu. "Ehe," akasema. Hakunitukana, ingawa ningependa. Alinipita, akatembea hadi kwenye udongo mbichi, akavua kofia. "Mwadila, fundi," akasema. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaenda wakasema vivyo hivyo. Mtu aliyenyimwa salamu miaka yote hiyo akasalimiwa na kijiji kizima, na hakuwa na namna ya kuitikia.

Kuna makosa ambayo muda wake wa kuyasema ni mfupi sana, na wazee wetu waliupima kwa jua kwa sababu jua halisikilizi habari za mgongo wala barabara. Somo hilo nililijua tangu mwanzo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika katika daftari la mila za kijiji, ukurasa wa kwanza.

Jua lilikuwa bado juu ya miti nilipomrudishia mlinzi upinde wake. Nikamwambia mshale wake uko kwenye nguzo ya zizi, juu kushoto, na kwamba aliyeupiga ni mimi.