Damu Yangu Imenigeuka Mbele ya Mke Wangu

Jamani, leo nimelazwa hapa Korogwe kwa kosa la kumsindikiza mke wangu hospitali!

Yeye ndiye mwenye mafua. Anakohoa mpaka kuku wa jirani wanakimbia.
Mimi nilikuwa na kikohozi kidogo tu, na pumzi fupi niliyoisingizia uzee.

Daktari, binti mdogo kabisa, akaniangalia. "Shikamoo mzee. Na wewe tukupime damu."

Sasa mjue, enzi za Ujamaa mimi ndiye nilikuwa mpimaji wa damu kwenye kituo cha afya kule Handeni. Watu walikuja wanakohoa kwa makusudi, wapate cheti cha kukwepa shamba la kijiji. Nasimamisha damu yao kwenye mrija saa nzima. Chembe za damu zikizama haraka, mwili unawaka ndani kwa ugonjwa, chukua cheti kalale. Zikizama polepole, hayo mafua tu, kachukue jembe!

Sikuwa na huruma hata chembe.

Majibu ya leo yakaja. Mke wangu, damu shwari, arudi nyumbani. Mimi, kipimo cha mwili kuwaka kiko juu balaa, virusi vimeshashuka kwenye mapafu.

Nikabisha. Mimi! Nikasema mashine yao mbovu.

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa upya. Kwa msiojua, huyu nilimnyima cheti mara tatu kabla sijamposa.

Haya, chekeni na nyie.

Akanifunika shuka, akaniwekea karatasi ya kulazwa kifuani.

"Cheti chako hicho, mpimaji. Mimi naenda shamba."