Shibe ya Mama Lusia

Siku yangu ya kwanza kazini Toronto nilipewa aproni iliyolowa maji ya mtu wa zamu iliyotangulia, nikasimamishwa mbele ya sinki. Ulikuwa ukumbi wa sherehe kule Richmond Hill. Mpishi Mkuu, mtu mfupi asiyesalimia, aliniambia, "Hapa hatutafuti marafiki. Tunatafuta sahani safi." Nikaosha. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mabaki. Wageni walimaliza nyama na samaki, wakaacha wali na viazi, nami nikataka kujua kwa nini. Wenzangu wa pale sinki hawakujiuliza. Wao walibaki pale, mimi nikaondoka na diploma.

Nasema hivi kwa kujisifu, na nina haki. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Nilikuwa nasoma baada ya zamu, nikasinzia kwenye basi, nikapitiliza kituo changu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Leo diploma hiyo iko ukutani hapa nyumbani Moshi, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni akiingia ndiyo anayoiona kwanza. Inasema mimi ni fundi lishe. Fundi lishe ndiye anayefuatilia mgonjwa anakula nini na anabakiza nini, anampima uzito, anarekebisha trei yake, kisha anatoa taarifa kwa Mtaalamu wa Lishe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kliniki ya kupunguza uzito. Daktari Msimamizi alikuwa na msemo wake: "Usimkataze mtu kula. Mpe kitu kitakachomfanya asitake." Kitu hicho kilikuwa protini: mayai, samaki, maharage, kuku asiye na ngozi, maziwa mgando. Protini hukaa tumboni kwa muda, na utumbo hupeleka ubongoni homoni za shibe, yaani ujumbe wa kuuambia mwili kwamba umetosheka. Aliyekula mayai asubuhi mara nyingi hula kidogo mchana bila kushurutishwa. Pia, mtu anapopungua, protini husaidia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Si uchawi. Wapo ambao haikuwasaidia sana, wapo waliorudia unene walipoacha, na mwenye figo mbovu hatukumgusa bila idhini ya daktari. Lakini nimeona kwa macho yangu watu wakipanda ngazi ambazo zamani ziliwashinda.

Kwa hiyo nilipohamia makao ya wazee upande wa magharibi wa jiji, nilikwenda nikijua nguvu ya kitu hicho. Ndiyo sababu niliogopa mapema kuliko wengine.

Mama Lusia alikuwa Mgoa wa Tanga, karani mstaafu, mjane, mwenye sauti ya kuamrisha. Siku tuliyofahamiana alinisomea beji yangu akasema, "Fundi lishe. Basi nitakuita Bwana Diploma, maana naona ndicho unachotaka." Nilimpenda papo hapo. Mwanawe, Alwin, alikuwa akiendesha gari kutoka mji jirani wa Mississauga kila siku kabla ya chakula cha mchana, akiwa na chupa ya unga wa protini uliokorogwa kwa maji. Alwin mwenyewe alikuwa mnene zamani. Unga ule ulimpunguza, ukamrudishia pumzi, naye akauamini kama wengine wanavyoamini maji ya baraka.

Aliyeniletea habari alikuwa Mama Neema, mhudumu wa pale makaoni, mtu wa Bukavu aliyekuwa akiishi mtaa wa Mount Dennis.

"Papa Diploma, ule mama hakuli," aliniambia. "Sahani inarudi vile imeenda. Anakunywa ile chupa ya mtoto wake, kiisha anasema ameshiba."

Nilisoma maandishi ya kopo la unga wa Alwin. Unga ule ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kupungua: protini tele, bila mafuta, karibu hauna wanga, umewekwa vitu vya kuufanya uwe mzito ili tumbo lijae. Wazee wanahitaji protini, tena sana. Lakini mzee ambaye hamu yake tayari ni ndogo anahitaji kwanza chakula chenye nguvu ya kumtosha, na kinywaji cha kumwongezea lishe huwekwa mbali na mlo, hakitangulizwi. Alwin alikuwa anampa mama yake ile ile dawa ya unene, na mama yake hakuwa na unene wa kupoteza. Bangili zake zilikuwa zimehama kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Lishe wa makao yale. Alitazama chati.

"Kiwango chake cha protini kimetimia," akasema.

"Kimetimia, lakini yeye anakwisha."

"Ni uamuzi wa familia. Mwenyewe anakunywa kwa hiari yake. Unataka nimnyang'anye?"

Hapo alinishinda, maana ilikuwa kweli. Nikaenda kwa Mama Lusia. Nilimweleza yote, tumbo, homoni, misuli, naye akasikiliza kama karani anayesikiliza bosi akirudia barua.

"Umemaliza?" akauliza. "Mwanangu, kile kinywaji kina ladha ya chaki. Nimejua tangu siku ya kwanza kwamba kinaniua hamu ya kula."

"Sasa unakunywa kwa nini, mama?"

"Kabla ya chupa, Alwin alikuja Jumapili tu, akasimama hapo mlangoni na funguo mkononi. Sasa anakuja kila siku, anakaa mpaka nimalize. Nakunywa polepole. Nikikataa, atakuja kufanya nini?"

Sikusoma jibu la swali hilo chuoni. Akaniapisha nisimwambie Alwin.

Sikumwambia. Nilichofanya ni kumpa Alwin kazi nyingine. Nilimwita pembeni, nikamwambia kwamba mama yake amepoteza nguvu za mkono na kwamba wahudumu hawana muda wa kumlisha inavyotakiwa, jambo ambalo halikuwa uongo.

"Anko, mimi sijawahi kulisha mtu," alinijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu Kiswahili chote.

"Utajifunza. Chupa iweke kando. Lete wali na samaki wa nyumbani, laini, wenye tui zito."

Nilimfundisha. Unakaa chini, uso wako usawa na wake. Nusu kijiko. Unasubiri ameze, unatazama koo, hutazami simu. Siku ya kwanza alimwagia shingoni.

"Ulipokuwa mtoto wewe ndiye uliyekuwa unatema," Mama Lusia akamwambia. "Leo tumelipana."

Alikula. Uzito wake uliacha kushuka, na Mkuu wa Lishe aliandika hivyo kwa kalamu yake mwenyewe. Lakini haukupanda. Mzee akishapoteza misuli, kuirudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi kifua ndicho kinachomaliza habari. Homa ya mapafu ilimchukua kabla theluji haijaisha. Kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya maziko, Alwin alisimama mbele ya meza ya chakula. Mtu huyu hakuwa amegusa wali kwa miaka. Alipakua wali, akakaa, akaula kwa nusu kijiko, akisubiri kila tonge lishuke.

Nilistaafu nikarudi kujenga hapa. Vijana wanakuja, wengine kujifunza kazi, wengine na makopo ya unga waliyonunua mjini, wananiuliza kama protini kweli inaua hamu na kupunguza mwili. Nawaambia ndiyo, inafanya kazi, na mwenye unene unaomtesa aitumie kwa akili. Kisha wale wanaotaka kuwa mafundi lishe nawaambia wachukue kiti. Wanadhani nataka waandike. Nataka wakae, usawa wa macho, mpaka nihakikishe wanaweza kumsubiri mtu ameze.