Kunawa Hadi Viwikoni

Juzi nilikuwa saluni ya mama mmoja Mkongo, pale mtaani La Rochelle, nikingoja zamu yangu. Simu yake ikalia kengele ya kukumbusha. Akauacha msuko wa mteja nusu, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kidole kwa kidole.

Mteja, mama wa Tanga, akauvuta ushungi wake kutoka mapajani. "Kumbe dada nawe unatawadha! Mbona adhuhuri bado?"

"Apana, mama. Ni saa ya mtoto. Kibofu yake haitoaki mkojo yenyewe, tunautoaka na kampira kembamba ka hospitali."

Akamshika mkono binti yake mdogo, wakaingia nyuma ya pazia. Tukawasikia wakiimba. Walipotoka, mtoto akamkazia macho mteja.

"Auntie, wewe nani anakutoa mkojo?"

"Hutoka wenyewe, mwanangu."

"Na nani anakuimbia?"

"Hakuna."

Mtoto akamwekea mkono gotini. "Eish. Pole, auntie."

Nami nilipofika nyumbani niliingia chooni, na kwa mara ya kwanza nikaona mle ndani kuna ukimya mno.