Koti la Nyumba ya Ziwani

Juzi dada yangu kanipigia simu: "Njoo, tunafungua dari. Watoto wanataka nyumba ya kisasa." Nikaenda. Fundi kuchomoa ubao wa kwanza tu, rafiki yangu, vitenge vikatumwagikia kichwani! Vipande vyekundu, vya njano, vya kijani, na vumbi la kutosha kuanzisha jangwa. Mtoto wa dada akauliza kwa Kiingereza ule ni uchafu gani. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Uchafu? Hebu vuta kiti wewe nikuambie.

Ile nyumba haikujengwa kwa ajili ya mtu kulala wakati wa baridi. Ilikuwa kibanda cha mbao pembeni ya ziwa dogo, mashariki ya Joburg, huku Afrika Kusini, ukishaipita Malvern. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Kensington ambaye Baba alikuwa analinda geti lake. Mzee alikuja msimu wa joto tu, avue samaki, achome nyama, arudi zake. Magoti yalipomgomea akamwambia Baba: "Hamishia watoto huko." Sisi wakati huo tuko chumba kimoja mjini, mtaa wa Bellevue, tumebanana mpaka ukiota ndoto jirani anaicheka. Bibi alipoliona lile ziwa akatoa machozi. Bibi ni wa Rumonge, Burundi, kakulia kwenye maji. "Sasa napumua," akasema.

Hapo Baba akafanya kosa la mtu wa Rumonge. Kwetu mkubwa wa nyumba analazwa upande wa maji, apate upepo. Baba akaokota dirisha kwenye vyuma chakavu, kubwa hilo, ng'ombe wawili wanapishana bila kugusana, akalifunga chumba cha Bibi litazame ziwa. Tukapiga makofi, tukala ndagala, vile vidagaa vya kwetu, na ugali. Nani wa kutuambia kwamba huku, baridi ikifika, jua linazunguka upande wa pili wa nyumba na ule wa ziwani haliugusi kabisa? Kwetu jua linapita juu ya kichwa, halichagui chumba.

Mwezi wa tano baridi ikaingia na mizigo yake. Eish! Chai ilitoka jikoni inachemka, ikifika kwa Bibi inabidi aitafune. Meno yetu yaligongana mpaka majirani wakauliza harusi ni ya nani. Tulicheka sana. Halafu Bibi akaanza kukohoa, na kicheko kikaisha. Nikienda kuchota maji nilikuwa nakisikia kile kikohozi kupitia mbao, nasimama na ndoo yangu mpaka kinyamaze.

Mama akasema wazi: "Baba watoto, ama uzibe lile dirisha, ama Jumamosi tumpandishe mama basi arudi kwenye joto. Mimi sitazika mtu kwa sababu ya dirisha."

Baba akaleta matofali. Bibi akamwangalia toka kitandani.

"Mwanangu, ukiziba hapo nitatazama nini? Kisogo chako?"

"Mama, utapona."

"Nipone nimefungiwa kabatini? Ziba. Na Jumamosi unipeleke mwenyewe kwenye basi."

Chini ya kitanda alikuwa na sanduku. Ndani yake kuna kitenge kimoja cha buluu, hakijawahi kuonja sabuni, kakiweka ashukie nacho kwao siku akirudi. Sisi watoto tulijua: sanduku likifunguliwa tu, Bibi kaondoka. Kila asubuhi nilikuwa nainama kuangalia kufuli.

Jirani yetu wa zamani kule Bellevue, fundi cherehani Mkongomani, akaja kumuaga. Akainua macho, akaona mabati matupu. "Papa, unapigana na dirisha, na joto linatokea kichwani! Hii nyumba haina hata kofia. Mi nashonea watu makoti, nishindwe kushonea nyumba?" Akaondoka, akarudi na cherehani na magunia ya mabaki ya vitenge, nadhani ya mafundi wote wa Jules Street. Akashona magodoro mapana, anayajaza vipande, Baba anayapigilia chini ya paa; mbao za dari zilikuja miaka ya baadaye. Alianzia jikoni, maana huko ndiko maharage ya Mama yalikokuwa yananukia. Na akianza kula, cherehani inalala.

Kwa hiyo Ijumaa jioni, nyumba nzima imevaa koti, pamebaki juu ya kitanda cha Bibi tu, na kitambaa kikaisha. Vya kujazia vipo, cha kuvifunika hakuna. Fundi akakung'uta gunia. Baba akashuka ngazi, hatazami mtu. Upepo ukapita ziwani, ukaingia, ukatukuta wote tumesimama.

Bibi akavuta sanduku. Kufuli likalia. Mimi nikaanza kulia papo hapo, Mama akashika mlango. Bibi akakitoa kile kitenge cha buluu, akamtupia fundi.

"Kata."

"Mama mukubwa, hii si ya safari?"

"Safari gani, na nimeshonewa nyumba? Kata kabla moyo haujanigeuka!"

Basi la Jumamosi likaondoka bila Bibi. Baba alijenga matofali yake, lakini akaacha nafasi ya kioo, ukubwa wa sinia, usawa wa mto wa kulalia wa Bibi. Kikohozi kikachoka, kikaenda kutafuta mtu mwingine. "Hilo nalo ziwa? Beseni!" Bibi alikuwa anasema, lakini kila asubuhi alikifuta kile kioo kwa kiganja kabla hajatusalimia.

Leo Bibi hayupo. Yule fundi, na cherehani yake, sijui waliishia wapi. Harufu ya ndagala imetoka kwenye mbao, watoto wanalala na hita, na dirisha la alumini limeegemea ukuta linasubiri zamu yake. Tulipofika chumba kile, fundi wa dari akashusha godoro la mwisho. Buluu ile ile, jua halijawahi kuiona.

"Hii nayo nitupe?" akauliza. "Naweka sponji jipya la kuzuia baridi, hii haina kazi tena."

"Inayo," dada akamwambia. "Sponji lako utaweka juu yake."

Akapanda mwenyewe, akaishikilia kwa mikono miwili. Mimi nikachukua nyundo, nikapigilia polepole, kama anayeogopa kumwamsha aliyelala.