Filamu Iliyokataa Kuisha

Jamani, hii aibu nimeibeba miaka na miaka, na hadi leo nikipita Isinya navuta leso nifunike uso, kwa sababu kuna watu huko wakiniona tu lazima waulize, "Mama Mwende, leo umefungua kamera ukaangalia?"

Ilikuwa ile miaka ya tisini ikienda kuisha, Kitengela bado ni vumbi na punda, na mimi nimemaliza masomo ya jioni (ngumbaru, si tuseme tu ukweli) nikaona sasa niko na akili ya biashara. Nikanunua kamera ya mtumba, nikatundika shuka ya maua sebuleni, nikaandika kwa geti PICHA SAFI HAPA, na mume wangu akaanza kukula jikoni kwa sababu sebule sasa ni studio.

Kazi ya kwanza kubwa ililetwa na Mama Naisula, rafiki yangu wa kanisa. Mama mkwe wake, Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, alikuwa anafanyiwa maombi ya shukrani nyumbani kwake Isinya, na watoto wote walikuwa wanakuja, hata kifungua mimba anayelima huko mbali Entarara, maana hawajakaa pamoja tangu wamzike baba yao. Koko hakutaka zawadi. Alitaka picha moja, yeye katikati, watoto wote kando.

"Picha yangu ni ile ya kitambulisho tu," aliniambia, "na hapo nakaa kama mtu ameshikwa na polisi."

Sasa sikia ujinga. Ukiweka filamu, unavuta ule ulimi wake mpaka ushike vizuri upande wa pili, na hapo unapoteza picha mbili hivi za mwanzo. Mimi nikaona huo ni uharibifu. Filamu ni ya picha thelathini na sita, kwa nini nitupe mbili? Nikavuta kidogo tu, nikaingiza ncha, nikafunga, nikaomba, nikaondoka.

Kufika, nikamsalimia Koko kwa Kimaasai, "Takwenya," akajibu "Iko," kazi ikaanza. Nilipiga Koko akibariki watoto kwa kuwanyunyizia maziwa ya kibuyu, nikapiga keki, nikapiga mbuzi akiwa kwa moto, nikapiga pasta akiomba (macho yangu wazi, Mungu anisamehe), na ile picha yenyewe nikaipiga mara kadhaa nisikosee, Koko amekunja uso vilevile kama wa kitambulisho. Nikafika thelathini na sita. Nikabonyeza, kacha! Arobaini, kacha! Mwili ukanisisimka. Nikajua hii ni kama yale mafuta ya mjane ambayo hayakuisha chupani, Bwana ameona vile sipendi uharibifu, ameniongezea.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaenda kwa pasta nikaomba maiki.

"Bwana asifiwe! Filamu ni ya thelathini na sita, na nimepita hamsini!"

Vigelegele! Pasta akaruka, wamama wakajipanga tena wapigwe za muujiza, na mimi nikawapiga wote, mpaka akaja Parsaloi, mtoto wa pili wa Koko. Huyo alikuwa na studio yake Kajiado mjini (hakupewa kazi kwa sababu lazima awe ndani ya picha).

"Mama, vuta filamu kama unataka kupiga," akaniambia polepole. Nikavuta. "Unaona hii kifundo hapa juu? Filamu ikisonga, inafaa izunguke. Imelala."

Akachukua kamera, akaifungua. Filamu imekaa vile niliiacha asubuhi, ulimi nje, kama mbuzi amechoka na jua.

"Umesema umepiga ngapi?"

"Hamsini na... kitu."

"Umepiga sufuri."

Na maiki nilikuwa bado nimeishika, na haikuwa imezimwa. Boma nzima ikasikia sufuri.

Koko akauliza, "Na picha yangu iko wapi?"

Hapo ndio nikasikia pikapu ikinguruma. Kifungua mimba anarudi Entarara! Nikasahau aibu, nikakimbia na viatu vya Jumapili, nikasimama mbele ya hiyo gari.

"Mzee, utanikanyaga kwanza! Rudi ukae na mama yako!"

Akazima. Parsaloi akaiweka filamu mwenyewe, akatupa picha tatu za mwanzo mbele ya macho yangu. Tukaanza zote upya. Maziwa yalikuwa yameisha, Koko akabariki watoto na kibuyu tupu. Keki imeliwa, wakashika sahani. Pasta naye akaniuliza, "Niombe ile ndefu ama fupi?"

Wakakaa wote. Nikainua kamera, na yule kifungua mimba akaniuliza bila hata kutabasamu, "Mama Mwende, tukae hivi mpaka hamsini?"

Koko akacheka! Akacheka mdomo wazi, meno hakuna, akaangukia bega la kijana wake, wengine nao wakavunjika mbavu. Kacha.

Hiyo ndio picha iko kwa ukuta wao mpaka leo. Hakuna hata mmoja amekunja uso. Mimi ushuhuda bado natoa, siwezi kuacha, lakini niliapa mbele za Mungu: picha zioshwe kwanza nizione, ndio niombe maiki.