Samaki wa Kutazama Tu

Kwetu Rumonge samaki ana njia mbili za kuingia nyumbani: mbichi kwenye beseni, au mkavu kwenye mfuko. Mimi nilimwingiza kwa njia ya tatu, akiwa hai, na kwa hilo nilichekwa na mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi wanafunzi wangu wa zamani ambao siku hizi wana ndevu. Nayasema haya bila aibu. Kwa kweli nayasema kwa maringo, na msomaji anivumilie.

Nilistaafu ualimu mapema kwa sababu sauti iliniishia. Daktari alinichungulia kooni, akasema miaka yote ya kupaza sauti mbele ya madarasa yaliyofurika imeniharibu, na kwamba nikitaka kubaki na hiki kimnong'ono nilicho nacho, niache chaki. Nikarudi nyumbani na shahada yangu ya jiografia ya chuo kikuu na sauti ya mtu anayetoa siri. Wiki za kwanza nilipanga upya vikombe vya kabatini. Vilipokwisha kupangika, nikavipanga tena. Mume wangu amefanya biashara ya mawese maisha yake yote, na hajawahi kushinda nyumbani mchana isipokuwa akiwa na homa. Siku aliponikuta juu ya kiti nafuta vumbi la friji kwa mswaki, alisema, "Mwalimu, tafuta kazi. Utatumaliza."

Kazi niliipata ufukweni. Asubuhi moja nilikwenda kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa wavuvi wa wavu wa kukokota. Walipokwisha kutoa samaki wa kuuza, walikung'uta takataka mchangani: majani, vijiti, na maganda matupu ya konokono. Niliokota ganda moja lililonipendeza, na ndani yake kitu kikanigusa kidole. Alikuwa samaki, urefu wake kama kiungo cha kidole, amejibanza humo kama mpangaji aliyesikia mwenye nyumba anapiga hodi. Nilimmiminia maji ya ziwa kwenye mfuko, nikaokota na wengine, nikarudi nyumbani bila ndagala.

Nimelifundisha ziwa hili miaka mingi. Nilifundisha kina chake, mito inayoliingia, nchi zinazolizunguka. Hata siku moja sikuwaambia watoto kwamba huko chini kuna samaki wanaokaa kwenye nyumba zenye mlango. Sikuwaambia kwa sababu sikujua. Nilikuwa mtaalamu wa ziwa lililochorwa ubaoni.

Sanduku la vioo nililipata kwa kaka yangu. Alikuwa na nyumba karibu na maji, na ziwa lilipopanda lilimfuata hadi chumbani. Akahamia Kizuka na mabati yake, milango yake na madirisha yake, na baadhi ya vioo alivyokosa pa kuviweka alinipa mimi. Fundi alivikata, tukavibandika viwili viwili ili viwe vinene, tukaziba pembe kwa silikoni. Likatoka sanduku refu, fupi la kimo, lisilofika goti. Nililiweka sebuleni juu ya meza imara, mahali ambapo mume wangu alikuwa amepanga kuweka kabati jipya. Nikaanza kusomba maji ya ziwa kwa madumu.

"Watu wote wanalikimbia ziwa," alisema mume wangu akiwa mlangoni. "Weye unalileta ndani kwa bidoni!"

Kundi la kwanza la samaki lilikufa mara moja. Nililaumu jua, nikalaumu mchanga, nikalaumu hata kioo cha kaka yangu. Kisha nikainamisha kichwa nikaona juu ya maji utando mwembamba wa rangi ya machungwa. Mji huu hauna bidoni ambayo haijawahi kubeba mawese, na nyumba yetu ndiyo usiseme. Nilikuwa nimewaunga wale samaki bila kuwasha moto.

"Sasa umeanza kuwapika," mume wangu alisema. "Taratibu tutaelewana."

Nilinunua bidoni mpya nikaandika juu yake MAJI TU kwa herufi nilizokuwa nikitumia ubaoni. Kundi la pili likaishi. Niliwasagia ndagala wakavu hadi wawe unga, na ili wasichoke na chakula kimoja nikaweka ndoo ya maji uani ipate viluwiluwi vya mbu. Jirani yangu akaiona. "Dada, wenzako tunalala ndani ya chandarua, weye unafuga mbu?" Nilimweleza kwamba viluwiluwi huliwa kabla ya kuota mabawa. Akaenda kutangaza kwamba nafuga mbu kwa siri, na ushahidi wake ni kwamba nilimwambia kwa kunong'ona.

Kilichobaki kilikuwa hewa. Nililetewa kutoka Bujumbura kimashine cha umeme kinachopuliza mapovu ndani ya maji, lakini umeme wetu una tabia zake. Ukikatika, mimi huchukua kikombe, nachota maji ya sandukuni, nayainua juu na kuyamwaga taratibu, kama anayepoza chai ya mgeni. Maji yakianguka hivyo huingia na hewa. Nimepoza chai ya samaki jioni nyingi, huku mume wangu akijifunika shuka usoni kwenye kochi na mimi nikimsimulia yaliyotokea siku hiyo: nani amemfukuza nani, nani amehama ganda. Sikupata jibu kamwe ila mkoromo.

Na mambo yalitokea. Jike mmoja alichagua ganda, akachimba mchanga kwa mdomo na mkia mpaka ganda likazama na mlango tu ukabaki wazi. Dume akazunguka eneo lote akitishia kila mtu, nami nikiwemo. Nilipotia mkono kusafisha kioo aliniuma. Halafu asubuhi moja niliona pale mlangoni kitu kama vumbi linaloelea. Nikavaa miwani. Vumbi lilikuwa na macho.

Sijui kama nilifurahi hivyo nilipopata shahada. Shahada wengi walipata siku ile. Samaki hawa, mtaani kwetu, nilikuwa nao peke yangu.

Wiki hiyohiyo tukaletewa habari kwamba watu wa kijana anayemtaka binti yetu wanakuja kutoka Gatete Jumapili. Mume wangu aliitazama sebule, akalitazama sanduku, akasema linakwenda uani.

"Haliwezi," nikamnong'oneza. "Likitikisika mchanga utaziba mlango wa ganda, watoto watakufa."

"Ni familia ya wavuvi, Mwalimu! Watakuta tumewaweka samaki kwenye madirisha. Watasema akili za mama yake zilitoka pamoja na sauti."

Binti yetu akajaribu kusuluhisha. "Baba, acha ikae. Wakiuliza, tutasema iko ya Mama."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Tulifikia makubaliano. Sanduku lingebaki mahali pake siku ya wageni, kwa ajili ya watoto. Jumatatu samaki wote wangerudi ziwani, na kabati lingeingia. Nilikubali. Mtu asiye na sauti hashindi mabishano marefu, na ukweli ni kwamba mume wangu hakuwa akitania. Vipimo vya kabati alikwisha kumpa seremala.

Jumapili walijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua iliyokuwa inanyesha kwa kishindo. Baba wa kijana alifariki zamani, kwa hiyo aliyekuja kusema alikuwa baba yake mkubwa, mvuvi wa usiku avuaye kwa taa, mtu mpana aliyevaa koti linalombana mabegani. Mezani palikuwa na pilau na samaki wa mukeke wa kukaanga, na nilikuwa nimemwomba binti asipitishe ile sahani mbele ya kioo. Alidhani natania.

Baba mkubwa alisalimu, akamshukuru Mungu, akaanza maneno ya ukoo wao tangu mbali. Ndipo umeme ukakatika. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, hivyo hakuna aliyejua kwamba sauti ndogo imekosekana. Mimi nilijua. Mapovu yalikuwa yamekoma.

Mama wa binti, siku kama hiyo, kazi yake ni kukaa mkekani, macho chini, ushungi umetulia. Hainuki mpaka atumwe. Niliinua jicho moja. Samaki wakubwa walikuwa wamepanda juu wakigusa uso wa maji kwa midomo. Joto la watu lilikuwa zito mle ndani, na baba mkubwa bado alikuwa kwa babu wa babu yake. Wale watoto wadogo hawakuonekana kabisa.

Nilimtazama mume wangu. Akatazama dari. Nikaendelea kumtazama kwa yale macho niliyokuwa nikiwatazama wanafunzi wa nyuma.

Akainuka. Akainuka katikati ya sentensi ya mgeni, jambo ambalo angemtimulia mtu mwingine yeyote, akachukua kikombe kwenye sinia, akakunja mkono wa kanzu yake mpya hadi kiwikoni. "Samahani, ndugu yangu, endelea. Nakusikia." Akachota maji, akainua, akamwaga.

Baba mkubwa aliwaacha mababu zake njiani, akageuka kutazama. Wote wakageuka naye.

"Mukwe," akauliza polepole, "unafanya nini?"

"Nawapa pumzi."

"Nani?"

"Watoto."

Upande wa wanawake mtu akasema subhanallah kwa sauti ya chini. Mimi nikaangalia mkeka. Nilikuwa tayari najiandaa kumwomba binti yangu msamaha.

Baba mkubwa akaja, akapiga magoti na koti lake, akakaribisha pua kwenye kioo. Akayafuata maganda moja moja kwa kidole. "Iko na batoto," akasema. Kisha akageuka na kuwaita wenzake kwa sauti ya mtu aliye kwenye mtumbwi. "Njooni muone! Iko na batoto mulangoni! Mimi niko juu ya hawa samaki toka utoto, na taa yangu, na sikuwahi kuona wanavyokaa kule chini." Dume akamrukia pale kwenye kioo. "Na hii ndogo inanitishia mimi?"

"Huyo ni mwenye mji," mume wangu akasema, bado anamwaga maji. "Jike ndiye aliyechimba. Alichimba siku tatu, kwa mdomo. Kabla ya hapo walikuwa kwenye ganda lile la pembeni, wakahama kwa sababu ya ugomvi na jirani. Dume yeye kazi yake kuzunguka na kutoa vitisho."

"Kama sisi," baba mkubwa akasema, na sebule nzima ikacheka.

Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, yale ya jioni zote za shuka na mkoromo, yakisemwa kwa sauti nzito inayofika hadi mlangoni.

Baba mkubwa aliomba kikombe. Maneno ya posa aliyamaliza akiwa amepiga magoti, anachota na kumwaga, na mume wangu alijibu akiwa amesimama kando yake, mkono wa kanzu unachuruzika. Tulikubaliana kila kitu. Umeme uliporudi, wale watoto walikuwa wametokeza tena mlangoni pao, na wageni walipokuwa wakila mukeke walikaa wote wakielekea kwenye sanduku.

Jumatatu asubuhi nilichukua bidoni ya MAJI TU na kikombe, nikakaa mbele ya kioo. Makubaliano ni makubaliano.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Ziwani. Kabati linakuja."

"Na mukwe akija akaniuliza watoto, nimwambie nini?" Akavaa viatu bila kunitazama. "Nimempigia simu seremala. Mbao zimechelewa."

Mbao hizo mpaka leo zimechelewa. Mgeni akiingia, mume wangu humpeleka kwanza kwenye kioo na kusema "samaki wetu," na anapochanganya jike na dume mimi simsahihishi, nikiona fahari ambayo mwanamke wa umri wangu angetakiwa kuificha. Safari ya pili wale wakwe walipokuja, kati ya vitenge na sukari palikuwa na mfuko mzito kutoka kwa baba mkubwa. Ulijaa maganda matupu ya konokono, yameoshwa moja moja.

"Batoto wakikua," akasema, "kila mumoja atataka nyumba."

Mume wangu aliyamwaga mezani, akayapanga kwa ukubwa kama anayepanga chupa za mawese, akayatazama. Kisha akalitazama sanduku, akapima ukuta kwa macho, na kuniuliza kama kule Kizuka kaka yangu bado ana vioo.