Karavani ya mama mkwe ilivyoinua pickup pale Kasomeno

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya niliyaona mwenyewe, nimelowa mvua, na mke wangu ni shahidi.

Magurudumu ya nyuma ya pickup ya baba mkwe yalikuwa hewani.

Mwenyewe yuko ndani, ameshika usukani, anakanyaga mafuta. Injini inalia, magurudumu yanazunguka, gari haliendi popote. Soko zima la Kasomeno limesimama kutazama.

Turudi nyuma kidogo.

Baba mkwe, tunamwita Papa Idi, alinunua karavani iliyotumika: kile kinyumba cha magurudumu mawili kinachofungwa nyuma ya gari. Ina jiko upande wa mbele, na kitanda kipana mwisho kabisa, nyuma.

Aliinunua kwa sababu ya harusi. Binti wa mdogo wake mama mkwe alikuwa anaolewa Pweto, na mama mkwe, Mama Mwamini, ndiye mama mkubwa. Bila yeye, bibi harusi hatoki nyumbani. Na Mama halali guest house. Kitanda asichojua jana kililaliwa na nani, hakitaki.

Mimi nilipewa suala la uzito, kwa kuwa napenda kusoma maandishi madogo. Nikasoma kitabu cha pickup: inaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Nikasoma kibati cha karavani: ikiwa tupu ina uzito gani. Nafasi ilibaki, tena nzuri. Nikamwambia Papa Idi kwamba tupu inavutika, ila kila tutakachoongeza kihesabiwe.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Mama alipotandika tu shuka, karavani ikawa chumba chake. Na kwetu, mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hata mlango ukiwa wazi, unatazama pembeni.

Kwa hiyo mpima uzito haruhusiwi kuingia kwenye kinachopimwa.

Nikamtuma mke wangu, Asha, akaulize uzito wa vitu.

"Uliza Mama, bintu byake biko na kilo ngapi?"

"Weye unataka kupima mama yangu?"

"Hapana yeye. Bintu!"

"Bintu bya Mama njo Mama mwenyewe. Enda umuulize weye mwenyewe."

Sikwenda.

Wakati huo majirani wa mtaa wa Makomeno walishasikia kuna nyumba inaelekea Pweto. Nikiwa nimesimama nje, nilikuwa naona wanawake wanaingia na mfuko kichwani, wanatoka mikono mitupu. Huku kwetu msafiri hakatai kifurushi. Ukikataa mfuko wa bunga, yaani unga, umemkataa aliyeuleta. Niliona yote hayo. Nikawapisha.

Tukaondoka. Papa Idi anaendesha, mimi pembeni, Asha na mama yake kiti cha nyuma. Njiani karavani ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia.

"Papa, iko nacheza sana," nikasema.

"Iko na furaha ya ndoa," akajibu, akapunguza mwendo.

Kasomeno tukasimama sokoni ili Mama anyooshe miguu, akaingia chumbani kwake. Mvua ikashuka ghafla. Mama akafungua mlango, akawaona wauzaji wanakimbia na mabeseni.

"Ingieni, bamama! Mutalowana!"

Wakaingia na mabeseni yao. Na mgeni anakaa wapi? Kitandani. Nyuma kabisa.

Nikasikia chuma kinalia. Kisha mkia wa pickup ukainuka taratibu, kama mtu anayenyanyuka kumpisha mgeni kwenye kiti. Papa Idi akadhani tumekwama kwenye matope, ndipo akakanyaga mafuta.

Nikakimbia hadi ubavuni mwa karavani, nikaelekeza uso barabarani, nikagonga bati.

"Mama, naomba bamama batoke."

"Mukwe, kuko nvula! Unafukuza bageni mu chumba yangu?"

"Mama, motokari iko juu."

"Juu ya nini?"

"Juu tu, Mama."

Halafu sauti nyingine ndani: "Mama, huyu mukwe wako anakunywaka?"

Wakacheka wote. Karavani ikatikisika, pickup ikapanda na kushuka, na Papa Idi akatoa kichwa dirishani: "Muache kucheka! Niko huku juu!"

Hapo nikapata akili. Wangeruka nje wote kwa pamoja, pickup ingejibwaga chini na Papa ndani. Nikasema: "Mama, basogee ku jiko. Moja moja. Polepole."

Wakasogea. Magurudumu yakagusa ardhi.

"Sasa tukae hapa ku jiko mpaka Pweto?" mmoja akauliza.

Asha akaniambia mifuko ya majirani yote iko chini ya kitanda, nikaomba isogezwe mbele, au ishushwe. Mama akakataa. "Ni bya bantu. Hapana kugusa."

Harusi ilikuwa kesho yake. Mvua ilipokatika wale wanawake wakashuka, Mama akatazama barabara, akatazama karavani, akafunga mlango kwa ufunguo. Tukaiacha uani kwa mmoja wa wale wauzaji, Mama akapanda mbele, tukaenda.

Tulifika siku yenyewe ya harusi, tukamkuta bibi harusi amevaa tayari, amekaa, watu wanasubiri. Mama akaingia na viatu vya matope, akamshika mkono, wakatoka. Usiku huo alilala kwa mdogo wake, kwenye kitanda ambacho hakuuliza habari zake.

Wakuu, nilichojifunza: uzito wa karavani tupu hautoshi. Pima ikiwa imejaa, na ujue mzigo umekaa wapi. Ukirundikwa nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, unainua gari linalovuta, hata kama jumla iko ndani ya kiwango.

Wenye uzoefu wa kuvuta, na wenye mama wakwe, nishaurini: kilo zinaulizwaje?

Maana majirani wa Makomeno wananisimamisha kila nikipita kuuliza kama bunga lao lilifika. Karavani bado iko Kasomeno. Papa Idi anasema niirudishe mimi, kwa kuwa ndiye mwenye hesabu. Ufunguo Mama ameufunga kwenye pindo la kikwembe chake, kitenge anachojifunga, na kilicho chini ya kile kitanda hakuna mwanamume aliyekiona.